Miguu ya Mbele: Ukarabati na Uimarishaji wa Usukani na Springi za Magari ya Kazi katika Historia ya Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita, 1940–2020

IKISIRI

Makala hii inachunguza historia ya ukarabati wa sehemu ya mbele ya magari ya kazi, yaani usukani, ekseli na springi, katika eneo linaloanzia Shinyanga hadi migodi ya dhahabu ya Geita. Hoja kuu ni kwamba tofauti inayozoeleka baina ya "kutengeneza" na "kuboresha" haikuwa na nguvu katika gereji za eneo hili. Kila tengenezo lilikuwa marekebisho ya gari lililobuniwa kwa ajili ya udongo na mzigo mwingine. Vyanzo vinavyotumika ni vya aina tatu: maandiko ya kihistoria, muundo wa magari yenyewe na msamiati wa mafundi. Makala inahitimisha kwamba sheria na taasisi za mafunzo zimekuwa zikiyatazama marekebisho haya kwa jicho moja, ilhali ufundi wenyewe una mipaka ya ndani inayotenganisha rekebisho salama na rekebisho la hatari, na kwamba mipaka hiyo inastahili kuandikwa.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha gereji za Tanzania, sehemu inayobeba gari na kuliongoza huitwa "miguu". Gari linalogonga mbele linapopita kwenye shimo husemwa kuwa miguu imechoka, na fundi anayeshughulikia springi, bushi, shokapu na tairodi hutajwa kuwa fundi wa miguu. Istilahi hii ni dokezo la namna mashine inavyofahamika. Anayesema "miguu" anahesabu mfumo wa usukani na mfumo wa springi kuwa kiungo kimoja, ambacho maradhi ya sehemu yake moja huonekana katika nyingine. Vitabu vya mtengenezaji, kwa upande wake, huvitenga vitu hivyo katika sura tofauti.

Historia ya teknolojia barani Afrika kwa muda mrefu iliandikwa kama historia ya kuwasili kwa vitu: reli iliwasili, lori likawasili, mgodi ukafunguliwa. Edgerton (2006) alitahadharisha kwamba mkazo juu ya uvumbuzi huficha kazi kubwa zaidi ya kutumia na kutunza vitu. Kuhusu Tanzania, Grace (2021) ameonesha kwamba mafundi na madereva waliifanya gari kuwa teknolojia yao wenyewe, na kwamba gereji ya chini ya mti ilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa. Awali King (1977) alikuwa amechunguza mafundi wa sekta isiyo rasmi nchini Kenya kwa mtazamo wa elimu na ajira. Makala hii inaendeleza mjadala huo kwa kushuka ngazi moja chini, kutoka kwa gereji kwa ujumla hadi kiungo kimoja cha gari. Kiungo hicho kimechaguliwa kwa sababu kinapokosewa, gharama yake ni maisha ya watu.

2.0 Udongo, Mwamba na Mzigo

Gari la kazi katika eneo hili hukutana na ardhi za aina mbili kuu. Sehemu kubwa ya Shinyanga ni tambarare yenye mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo huvimba unaponyonya maji na kusinyaa unapokauka. Masika gurudumu huzama na kushikwa. Kiangazi udongo huo huo hupasuka na kuacha mifereji migumu iliyochorwa na magurudumu ya miezi iliyopita. Kuelekea Geita, ardhi hubadilika na kuwa vilima, changarawe nyekundu na miamba. Barabara za changarawe hujenga migongo midogo inayofuatana kama bati, ambayo hutikisa magurudumu kwa kasi na bila kukoma.

Ardhi hizi mbili hudhuru gari kwa njia tofauti. Mbuga huvunja kwa nguvu ya ghafla: gurudumu lililonaswa huku dereva akilazimisha usukani hupinda tairodi au huachia meno ya boksi ya usukani. Changarawe huua taratibu: hulegeza nati, hula bushi, huchosha shokapu na kukata boliti ya katikati inayoshika majani ya springi pamoja. Boliti hiyo ikikatika, ekseli husogea kutoka mahali pake, na gari huanza kutembea upande ingawa usukani umenyooka.

Jambo la tatu ni mzigo. Katika mashamba ya pamba mzigo ulikuwa mwepesi kwa uzito lakini mkubwa kwa ujazo. Katika machimbo ni kinyume chake: mawe yenye dhahabu hujaza sehemu ndogo tu ya bodi kabla uzito haujafikia kikomo cha springi. Kwa sababu hiyo, gari lililotosha kupeleka pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia halikutosha kupeleka mawe kwenye makarasha. Lilihitaji kubadilishwa, na mabadiliko yalianzia miguuni.

3.0 Karakana za Migodi na Ushirika, 1940–1966

Reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, lakini iliacha maeneo makubwa ya uzalishaji mbali na stesheni. Pengo hilo lilijazwa na lori. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga. Mgodi alioujenga uligeuka mji uliojihudumia kwa mambo mengi, ukiwa na karakana zake. Upande wa magharibi, mgodi wa dhahabu wa Geita ulioanza kazi katika miaka ya 1930 uliendelea hadi ulipofungwa mwaka 1966. Katika miaka hiyo hiyo vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, vilivyounganishwa chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, vilihitaji usafiri wa mazao kutoka vijijini hadi viwandani.

Gari jepesi lililotawala kipindi hiki ni Land Rover ya Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 1948. Muundo wake wa mbele ulikuwa ekseli nzima iliyokaa juu ya springi za majani, huku kila gurudumu likigeuka kwa msaada wa tufe la chuma lililojaa mafuta ya kulainisha. Muundo huu ulikuwa na sifa mbili zilizoamua historia ya ufundi iliyofuata. Kwanza, karibu kila kipande kiliweza kufunguliwa kwa spana za kawaida. Pili, uchakavu wake ulijionesha wazi: sili iliyokauka ilivuja, mafuta yakatoka, tope likaingia, na fundi akaona dalili kabla ya ajali.

Karakana za migodi na za ushirika zilifundisha utaratibu wa kupima. Mfano wake mzuri ni kipimo ambacho kingali kinatumika. Gurudumu la mbele huinuliwa kwa jeki, kisha fundi hulishika juu na chini na kulitikisa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki. Mchezo ukikoma, tatizo lipo kwenye beringi za habu, kwa kuwa breki imeifunga habu na sehemu inayoibeba. Mchezo ukibaki, tatizo lipo kwenye kingpini. Baadaye fundi hushika kushoto na kulia: mchezo wa upande huo huelekeza kwenye tairodi na viungo vyake. Utambuzi huu hauhitaji chombo chochote isipokuwa jeki na watu wawili wanaoelewana. Ndiyo maana uliweza kutoka nje ya ukuta wa karakana bila kupoteza usahihi wake.

4.0 Uhaba Kama Shule, 1967–1986

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uingizaji wa magari na vipuri uliwekwa chini ya mashirika ya umma. Mfumo huo ulikabiliwa na misukosuko mfululizo: kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin mwaka 1978–1979, na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni uliofuata. Katika kipindi hicho hicho dola ililitegemea gari kuliko wakati wowote uliotangulia. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, iliyohamisha watu na mali zao katika Shinyanga kama kwingineko nchini, ilitegemea malori.

Palipokosekana kipuri, swali la fundi lilibadilika. Badala ya kuuliza "kifaa kipi kiagizwe?", aliuliza "kazi ya kifaa hiki ni ipi, na kitu gani kingine kinaweza kuifanya?" Bushi ya mpira ya springi ilikatwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Pini na bushi za chuma zilikerezwa upya. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lilikusudiwa kukuza aina hii ya uzalishaji mdogo, na neno la kale "kukereza", lililokuwa la useremala wa milango na vitanda, likapata maisha mapya katika chuma.

Hapa ndipo historia ndefu zaidi ya eneo inapoingia. Kabla ya ukoloni, nchi ya kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria ilijulikana kwa wafua chuma, hasa Warongo, ambao majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani na kutumika hata katika mahari. Bidhaa za viwandani kutoka nje zilidhoofisha uyeyushaji wa chuma, lakini uhunzi haukutoweka, ulibadili malighafi. Jani la springi ya lori lililovunjika likawa chanzo kikuu cha chuma kizuri kwa majembe, mashoka, visu na mapanga. Mhunzi aliyezoea kulipasha moto jani la springi ili alifanye shoka alikuwa anaifahamu tayari tabia ya chuma hicho. Haikuwa hatua ndefu kwake kulipasha moto jani lililolegea ili alirudishie mkunjo wake na lirejee kwenye gari.

Hata hivyo, hatua hiyo fupi ilikuwa na mtego. Chuma cha springi hupata unyumbukaji wake kwa kupashwa moto hadi takribani nyuzi 850 za Selsiasi, kuzimwa ghafla kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini. Jani likipashwa hadi liwe jekundu, likapindwa na kuachwa lipoe hewani, hurudi kwenye umbo lakini si kwenye nguvu. Litalala tena baada ya safari chache. Likizimwa ghafla bila kupashwa mara ya pili, litakuwa gumu lakini litakatika kama kigae. Mhunzi wa mashoka anaweza kusamehewa ugumu uliozidi, kwa sababu shoka likivunjika mpini hubaki mkononi. Fundi wa springi hana nafasi hiyo. Katika tofauti hii kuna kiini cha ufundi mpya uliozaliwa: maarifa ya uhunzi yaliendelea kutumika, ila yalilazimika kukubali kipimo kigumu zaidi cha uwajibikaji.

Mfumo wa kurithisha maarifa nao ulibaki wa kihunzi. Methali isemayo mwana wa mhunzi asiposana huvukuta inaeleza kwa usahihi nafasi ya msaidizi katika gereji. Hakuanza kwa nadharia. Alianza kwa kuosha beringi kwa mafuta ya taa, kupaka grisi na kukanyaga breki wakati fundi anatikisa gurudumu. Kwa kukanyaga huko alijifunza utambuzi wenyewe.

5.0 Dhahabu, Magari ya Japani na Gari Lililoinuliwa, 1986–2020

Ulegezaji wa masharti ya biashara ulioanza mwaka 1984, ambapo watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, yalifungua mlango kwa magari yaliyotumika kutoka Japani. Wakati huo huo, uchimbaji mdogo wa dhahabu ulipanuka katika maeneo kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, na Katoro ukakua kuwa mji wa biashara. Migodi mikubwa ilifuata: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Mkoa wa Geita wenyewe uliundwa mwaka 2012, ukichukua pia Bukombe iliyokuwa sehemu ya Shinyanga.

Gari lililokuja kutawala ni Toyota Land Cruiser. Aina ya 40 ilitengenezwa kuanzia mwaka 1960 na aina ya 70 iliifuata mwaka 1984. Kwa kazi nzito, zote mbili zilikuwa na ekseli nzima mbele na springi za majani, hadi mwaka 1999 ambapo aina ya 70 ya kazi nzito iliwekewa springi za mviringo mbele. Kwa hiyo fundi aliyejifunza kwa Land Rover hakulazimika kuanza upya. Hata jina la mtaani, "mkonga", linalotokana na bomba la hewa lililoinuliwa kando ya kioo, linaonesha kuwa gari hili lilitambuliwa kwa kile kilichoongezwa juu yake ili livuke maji.

Katika kipindi hiki uimarishaji ulichukua sura tatu. Ya kwanza ni kuongeza jani la springi. Hesabu yake ni kali kuliko inavyoonekana. Ugumu wa springi huongezeka kwa uwiano wa idadi ya majani, lakini kwa unene huongezeka kwa mchemraba: jani lenye unene maradufu ni gumu mara nane. Fundi anayeongeza majani mawili membamba huzalisha gari linalobeba na bado linanyumbuka. Anayeongeza jani moja nene lililotoka kwenye lori huzalisha gari lisilolala kamwe, ambalo mtikisiko wote uliopaswa kumezwa na springi huhamia kwenye chesisi, na ufa huanzia pale mabano ya springi yalipochomelewa.

Sura ya pili ni kuinua gari kwa kurefusha shakili, kile kiungo kinachoning'iniza ncha moja ya springi. Katika Land Cruiser ya aina ya 40, shakili ya springi za mbele iko upande wa mbele. Ikirefushwa, ncha ya mbele ya springi hushuka, ekseli huzunguka kidogo, na mhimili wa kingpini, ambao ulilala nyuma kwa nyuzi chache, husimama wima au hata kulala mbele. Mlalo huo ndio unaolifanya gurudumu lirudi lenyewe kunyooka baada ya kona. Ukipotea, gari hutangatanga barabarani na dereva hulazimika kulisahihisha kila wakati. Tiba yake ni kabari: kipande cha chuma chenye unene usiolingana, kinachowekwa kati ya springi na ekseli ili kuurudisha mlalo. Kati ya maneno yote ya kazi hii, mengi ni ya mkopo: springi, shakili, bushi, shokapu, difu. Kabari ni la Kiswahili cha tangu zamani, na ndilo linalotaja suluhisho badala ya kifaa kilichotoka kiwandani.

Sura ya tatu inahusu fito za usukani. Gari likiinuliwa, ufito unaotoka kwenye boksi ya usukani huongezeka mteremko, hivyo springi ikilala gurudumu hugeuka bila usukani kuguswa. Baadhi ya waboreshaji hujaribu kutibu hali hiyo kwa kuupinda ufito kwa moto au kuukata na kuuchomelea. Hapa ufundi makini huweka mpaka. Jani la springi likivunjika, gari huinama. Ufito wa usukani ukikatika, gari halina dereva. Uchomeleaji hubadilisha tabia ya chuma pembezoni mwa kovu, na ufa wake unaweza kukua chini ya rangi na grisi pasipo kuonekana. Kwa hiyo vifaa vya miguu hugawanyika katika makundi mawili: vinavyoweza kuongezwa, kupindwa na kubuniwa, na vinavyopaswa kubadilishwa kwa vizima tu.

6.0 Sheria, Gereji Bubu na Suala la Uwajibikaji

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hukataza kutumia gari bovu barabarani, na ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama huhitimishwa kwa kubandika stika kwenye kioo. Kwa upande wa mafunzo, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ilileta vyeti na mitaala. Kati ya pande hizo mbili imesimama gereji isiyosajiliwa, ambayo lugha ya kiutawala huiita "gereji bubu".

Jina hilo linastahili kutazamwa upya. Gereji hiyo si bubu; ina msamiati mpana, utaratibu wa kupima na kanuni za kukataa kazi fulani. Kinachokosekana ni maandishi. Kutokana na ukosefu huo, mkaguzi hana namna ya kutofautisha gari lililoinuliwa na kuwekewa kabari sahihi na lile lililoinuliwa likaachwa litangetange. Yote mawili ni "gari lililobadilishwa". Vivyo hivyo, tajiri wa machimbo anayetaka gari libebe zaidi anaweza kumwacha fundi anayekataa kuchomelea ufito na kumwendea anayekubali, kwa sababu hakuna hati inayompa wa kwanza nguvu ya kukataa. Hatari huhamia kwa asiyeshiriki uamuzi: dereva wa kutwa, na wachimbaji wanaopanda juu ya mifuko ya mawe.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba hoja hii inawapamba mafundi. Ni kweli kwamba gereji zimezalisha pia magari mabovu, na kwamba uzoefu pekee haupimi ufa usioonekana. Lakini pingamizi hilo linaithibitisha hoja badala ya kuibomoa. Iwapo maarifa haya yana viwango vya juu na vya chini ndani yake, basi ni elimu inayoweza kutathminiwa, na tathmini yake haiwezi kuanza kwa kuyahesabu yote kuwa ubahatishaji.

7.0 Hitimisho

Historia ya miguu ya mbele ya magari ya kazi inaonesha mwendelezo pale ambapo historia ya kisiasa na ya uchumi huona mikato. Migodi ya kikoloni ilifungwa, ushirika ulivunjwa na kurejeshwa, soko likafunguliwa, na migodi mipya ikachimbwa. Katika mabadiliko yote hayo gurudumu liliendelea kuinuliwa kwa jeki na kutikiswa juu na chini huku msaidizi akikanyaga breki. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa: karakana ya mgodi iliuliza namna ya kulirudisha gari katika hali ya kiwandani, gereji ya wakati wa uhaba iliuliza namna ya kulifanya liendelee, gereji ya enzi ya dhahabu inauliza namna ya kulifanya libebe kile ambacho kiwanda hakikukusudia.

Mambo mawili yanafuata. Kwa watafiti, gari kuukuu linapaswa kusomwa kama hati: idadi ya majani, alama za moto, kabari na makovu ya kuchomelea ni kumbukumbu za maamuzi ya watu ambao hawakuandika. Hati hizo huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na kila gari linalokatwa huondoka na sehemu ya kumbukumbu hiyo. Kwa taasisi za mafunzo na ukaguzi, mpaka ambao mafundi wenyewe wameuweka kati ya kinachoweza kuongezwa na kinachopaswa kubadilishwa ni mahali pafaapo pa kuanzia kuandika mwongozo kwa Kiswahili, kwa maneno yanayotumika gereji. Mwongozo wa namna hiyo ungempa fundi kitu ambacho uhodari peke yake haujampa: msingi wa kumwambia mwenye gari hapana.